Saa ya Mwezi ya Bwana Boga

Baba yangu alikuwa na saa kumi na nne za mkono, na mkono mmoja tu wa kuzivalia. Msinicheke. Wenzake pale Msambweni walikusanya ng'ombe, wengine minazi, wengine wake. Yeye, Bwana Abdurahman Boga, alikusanya saa. Alizilaza katika kasha la msaji lililotandikwa mahameli nyekundu, kila saa na kitanda chake, na katikati aliacha kitanda kimoja kitupu. Kilikaa kitupu miaka tisa. Mtu akiuliza, baba alijibu kwa mkato, "Mwenyewe yuko njiani."

Na mimi Biasha, binti yake wa pekee, ndiye niliyekuwa nikizitia ufunguo. Vidole vya baba vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, basi kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikaa mkekani nikazishika moja moja. Baba hakuruhusu mkono mwingine kuzigusa, hata wa mama. Ndiyo maana kila mposaji aliyepiga hodi kwetu alirudi na kahawa tumboni na jibu la "subirini." Mama alipochoka alimwuliza, "Utamwoza lini mtoto wako, Baba Biasha? Zikisimama hizo saa?"

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya mimi kukaa bila kuolewa. Sababu ya pili ilikuwa na jina lake, na jina lenyewe ni Rai.

Rai alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa barazani kwa fundi cherehani, karibu na soko. Kwao Kinango, kwa Waduruma, watu wa ng'ombe na mbuzi, lakini ufundi alijifunza Mombasa miaka sita, na kila Ijumaa alisali safu ya pili nyuma ya baba. Kijana mtaratibu, mikono misafi, tatizo lake ulimi tu. Ulimi wa Rai haukujua kupiga kona.

Miaka miwili nyuma baba alimpelekea saa aliyoinunua kwa mbwembwe, si kwa kutengenezwa, kwa kusifiwa. Baraza imejaa watu. Rai akaigeuza, akaitazama nyuma, akasema, "Bwana Boga, hii si dhahabu. Hii ni shaba imepakwa." Kweli tupu! Lakini nani alimwuliza? Watu walicheka mpaka fundi cherehani akajidunga sindano. Toka siku hiyo baba hakumpa Rai neno ila "Waalaikumu salaam," na hilo ni kwa sababu dini inamlazimisha.

Mimi nilikuwa nyuma ya baba na kikapu cha nazi. Nilicheka nami, Mungu anisamehe. Rai akainua macho kuona nani huyo anayecheka vizuri hivyo, akaniona. Hakuyashusha. Mimi nikayashusha, nikayainua tena, bado yapo. Nikafika nyumbani nimekwisha.

Basi mwaka ule, mwaka wa pili wa uhuru, mwezi wa Oktoba, mwenye kitanda kitupu akafika.

Baba ujanani alikuwa karani wa mzungu mpima ardhi, aliyekaa Diani. Mzungu yule alivaa saa ambayo baba aliipenda kuliko mshahara. Dhahabu ya kweli, uso mweupe kama maziwa, na ndani yake tundu dogo la rangi ya samawati ambamo mwezi ulikua na kupungua kama ule wa mbinguni. Pembeni, tundu jingine la tarehe. Zilitengenezwa kumi tu duniani, ndivyo alivyoambiwa. Mzungu alipofariki, mkewe, Bi Hannah, akaanza kufunga virago arudi kwao, akamkumbuka baba. Akampelekea salamu: kama bado anaitaka, aje. Baba alitoa saa zake tatu nzuri pamoja na baiskeli, akarudi Msambweni kwa miguu na lori la watu, usiku, amejishika kifua kama mtu aliyebeba yai.

"Mama Biasha!" aliita toka uani. "Biasha! Njooni muone! Njooni muone mwezi umeingia nyumbani!"

Sijapata kumwona baba hivyo. Alicheza. Naapa, mzee wa kanzu alicheza.

Sasa nyinyi mnajua saa zetu. Kwetu saa kumi na mbili ni jua kuzama, na siku mpya huanza hapo hapo, magharibi, siyo usiku wa manane watu wakikoroma. Baba alizitia saa zake majira kwa adhana ya magharibi: muadhini akifungua mdomo, mishale yote miwili juu. Furaha yake kwa saa hii ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa ilikuwa na tarehe. "Fikirini," alisema, "adhana inalia, na hapo hapo tarehe inageuka! Saa inayoijua siku ya Mwislamu!" Akawaalika watu wa msikitini Jumatatu waje kushuhudia.

Wakaja. Mahamri yakaliwa, kahawa ikanywewa. Adhana ikalia. Mishale ikasimama juu pamoja. Tarehe... kimya. Wakangoja. Tarehe ilikaa pale pale kama punda aliyegoma. Kesho yake jua likichomoza, hakuna mtu, nimeishika mkononi naitia ufunguo, tarehe ikaruka yenyewe.

Shekhe Menza, muadhini wetu na rafiki mkubwa wa baba, hakuacha. "Boga, mwenzangu," alisema, "saa yako bado haijasilimu!"

Msemo ukaenea mji mzima. Baba akaacha kula. Akailaza saa kifudifudi kitandani mwake na kulifunga kasha. "Nimeuziwa kiwete," alimwambia mama, na machozi yakamlengalenga. Mtu mzima! Moyo wangu ulikatika.

Na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, mjomba wake Rai, Mzee Kombe, alikuwa aje kuchukua jibu la posa waliyoileta mwezi uliopita. Jibu lenyewe lingekuwaje, kwa baba mwenye hali ile?

Jumatano sikuvumilia. Nikaibeba saa ya mezani ya mama, ambayo haikuwa na ubaya wowote, nikaenda barazani.

"Hodi fundi."

"Karibu, bibie. Hujambo?" Akanitazama kwa jicho moja, lile jingine bado limebana kioo cha kukuzia.

"Kitoe hicho kioo, utaniona chunusi."

"Nimeziona. Tatu. Zote nzuri."

Ningecheka siku nyingine. Nikakaa kwenye kibao cha wateja nikamweleza yote. Rai alisikiliza, na kadiri nilivyosema ndivyo mdomo ulivyompanuka, mwisho akacheka kabisa.

"Unacheka nini? Baba anakufa!"

"Hafi mtu. Biasha, aliitia majira saa ngapi?"

"Aliileta usiku, asubuhi jua likitoka akaitia. Kumi na mbili kamili."

"Ndiyo hivyo. Mshale hupita pale juu mara mbili kwa siku. Mara moja tarehe hugeuka, mara moja haigeuki. Baba yako ameipa kumi na mbili ya asubuhi ile inayogeuza. Zungusha mishale mbele mzunguko mmoja mzima, saa kumi na mbili zote, basi. Itageuka magharibi mpaka siku ya kiama."

Nilitaka kumbusu palepale mbele ya fundi cherehani. "Basi nitaizungusha mimi! Kesho alfajiri, baba akiwa msikitini. Jioni itageuka mbele ya wageni, atafurahi, atakubali. Yamekwisha!"

Rai akaacha kucheka. "Usifanye hivyo."

"Kwa nini nisifanye?"

"Ameuamini mkono wako peke yake katika nyumba ile. Utumie mkono huo huo kumfanyia hila? Halafu nyumba yetu ijengwe juu ya hila?"

"Nyumba gani? Umepewa nyumba wewe? Kesho atakufukuza, utajenga nyumba na nani, na mbuzi wa Kinango?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Wewe!" Nilisimama. "Wewe na ulimi wako huo? Utamwambia nini? 'Bwana Boga, umekosea,' mbele za watu? Ulimvunja mara moja, Rai. Miaka miwili bado anatembea na ile shaba yako moyoni."

Kidole cha Rai kilisukuma skrubu ndogo mezani, huku na huku.

"Sijui nitamwambiaje," alisema polepole. "Lakini nitamwambia."

"Sikia basi. Nakupenda, unajua. Lakini ukimwaibisha baba yangu tena, mimi na wewe basi. Sitaolewa juu ya aibu yake."

Nikaondoka nalia, leso usoni, na saa ya mama nimeisahau mezani. Nyuma yangu nilimsikia fundi cherehani akisema, "Pole, jirani." Alfajiri niliishika ile saa ya mwezi mkononi. Kidole kilinisihi. Nikaitia ufunguo tu, nikairudisha kifudifudi kama nilivyoikuta.

Alhamisi baada ya alasiri wakaja. Sebule yetu ilikuwa na pazia la maua, na mimi na mama nyuma yake, tumebanana kama dagaa. Niliwaona kwa upenyo: Mzee Kombe na bakora yake, Rai amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake, baba kwenye kiti chake, na Shekhe Menza aliyekuja kuwa shahidi. Rai aliinama kumwamkia baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Kavu kama mkate wa juzi.

Mzee Kombe akaanza kwa adabu yote ya watu wa bara ya Kwale, habari za watoto, habari za mvua, mpaka akafika. "Bwana Boga, tulipanda mbegu hapa. Tumekuja kutazama kama imeota."

Baba akavuta pumzi. Nadhani angesema tena "subirini," na tungesubiri. Lakini Shekhe Menza, mtu wa mzaha, alitaka kuichangamsha sebule.

"Kabla ya hayo, mwenzangu, leo itageuka? Au bado haijasilimu?"

Baba akaruka kitini. "Ebo! Nimechekwa barazani, nimechekwa msikitini, sasa nachekwa nyumbani kwangu mbele ya fundi huyu huyu! Nisikilizeni nyote. Wallahi, leo simpi mtu binti yangu! Leo, simpi!"

Mama alinikamata mkono, kucha zikaniingia. Kiapo cha baba si cha mchezo. Aliwahi kuapa hali pweza kwa ugomvi mdogo tu na mvuvi, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja hajaonja pweza, naye anampenda pweza kupita kiasi. Mzee Kombe akaiokota bakora yake taratibu, akaanza kuinuka.

Rai hakuinuka.

"Baba," alisema, "kiapo chako nimekisikia, na sikuja kukibishia. Naomba ruhusa niseme neno moja juu ya mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Aliyetoka Diani."

Baba, kwa shida, akasema, "Sema."

Niliing'ata leso. Ya Rabbi, ulimi ule!

"Mgeni yule ni mzima, Baba. Hana kilema. Ila ametoka kwa watu ambao siku yao huanza usiku wa manane. Mshale wake hupita juu mara mbili kwa siku, mara moja tu ndiyo anageuza tarehe. Uso wake hausemi ni ipi. Na mgeni akishaonyeshwa pa kulala, haulizi, hulala hapo hapo."

Mimi ninayemjua baba niliona bega lake limeshuka. Alikuwa ameelewa. Hakuna mtu Msambweni aliyejua saa kuliko baba, na alielewa yote kwa mara moja, na akaelewa pia kosa ni la nani. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Na aliyeitia majira asubuhi, badala ya kungoja magharibi, huyo tumwiteje?"

Lo! Mtego ule! Rai alimtazama baba usoni, kama alivyonitazama mimi siku ya kikapu cha nazi.

"Kwa saa kama ile, Baba, mtu ameingoja miaka tisa. Ningekuwa mimi, nisingeweza kungoja jioni. Ningeitia asubuhi ile ile."

Sikilizeni, nimeambiwa maneno mengi ya mapenzi maishani, na Rai mwenyewe ameniambia mengi. Hakuna lililowahi kunipiga kama lile, na halikuwa langu.

Baba alikohoa. Akakohoa tena. Akalifungua kasha, akaitoa saa ya mwezi, akamnyooshea Rai. "Haya. Itengeneze."

Saa iliyokuwa haiguswi! Lakini Rai alirudisha mikono nyuma.

"Mimi siigusi, Baba. Mwenye mkono wa saa zako yuko nyuma ya pazia."

"Biasha!" baba aliita. "Toka huko, unajua tunakuona miguu."

Nikatoka, nimejitanda leso mpaka kwenye pua. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikavuta kile kichwa kidogo cha pembeni, nikaanza kuzungusha. Shekhe Menza akahesabu kwa sauti ya adhana: "Moja! Mbili! Tatu!" Mzee Kombe akaingilia kwa bakora, gonga, gonga. Nilipofika kumi na mbili sebule nzima ilikuwa inahesabu, na mishale imerudi pale pale ilipokuwa, saa kumi na moja na nusu. Kuitazama hivi, hakuna kilichobadilika. Nikainua macho. Rai alikuwa ananitazama, na hakuyashusha. Safari hii nami sikuyashusha.

"Basi sisi tutakwenda," alisema Mzee Kombe. "Kiapo ni kiapo. Tutarudi siku nyingine."

"Keti, Mzee wangu," baba alisema. "Kahawa haijesha."

Kahawa ilikuwa imekwisha zamani. Mama akapika nyingine. Shekhe Menza akaenda zake msikitini huku ananung'unika kwamba kazi ya adhana inamnyima uhondo. Tukabaki tumeizunguka saa kiganjani mwa baba. Tundu la tarehe lilisema kumi na nne. Dakika kumi. Dakika tano. Nikaweka mkono wangu chini ya wa baba kuushikilia.

"Allahu akbar, Allahu akbar," sauti ya Shekhe Menza ikaja juu ya mabati.

Mishale ikakutana juu. Na ile tarehe, mruko mmoja, bila haya: kumi na tano.

Mama alipiga kigelegele palepale nyuma ya pazia, kisha akakumbuka kwamba hakuna alichopewa cha kushangilia, akakikata katikati. Midomo ya baba ilikuwa ikimfuatisha muadhini mpaka adhana ikaisha, na mashavu yamelowa. Halafu akamgeukia Mzee Kombe.

"Mzee wangu, leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Bwana Boga."

"Tazama vizuri."

Mzee Kombe akaisogelea saa, akatazama dirishani, giza linaingia. "Aa. Magharibi imekwishaingia. Ijumaa hii."

"Niliapa lini?"

"Uliapa leo... la, uliapa jana."

"Nilisema, leo simpi mtu binti yangu." Baba akaiinua saa ya mwezi ili wote waione. "Leo hiyo imekwisha. Shahidi wangu huyu hapa. Mama Biasha, kigelegele chako ulikikatia wapi? Kimalizie!"

Kumbe mama alikuwa amekiweka akiba. Kilitoka kile, kikapokewa na jirani, na jirani wa jirani, wala hawakujua ni cha nini. Mzee Kombe alitupa bakora. Mimi nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona, na Rai, fundi wa mikono isiyotetemeka, alimwaga kahawa yote kwenye ile kanzu.

"Ila sharti moja," baba alisema, akiilaza saa chali, kwa mara ya kwanza, katika kitanda chake cha katikati. "Nyumba yenu iwe karibu. Huyu aje kila alfajiri kuzitia ufunguo."

"Itakuwa karibu, Baba."

"Na ile nyingine." Baba alitia mkono kashani, akaitoa ile saa ya miaka miwili nyuma, akamsogezea Rai. Macho yake yalikuwa yamekaza, lakini mdomo ulimcheza. "Hii uliyoniambia. Sasa wewe ni mkwe wangu. Itazame tena uniambie. Hii ni nini?"

Nilifumba macho. Sema dhahabu, Rai. Mara moja tu katika maisha yako, sema dhahabu!

"Shaba, Baba," alisema Rai. "Imepakwa."

Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akamshika mkono wa kushoto, akaifunga ile saa kwa vidole vyake vigumu, akakataa nimsaidie, mpaka ikakaa.

"Basi uivae siku ya nikaha," alisema, "watu wote waione. Twendeni tukasali."

Aliivaa. Rangi yote imekwisha kutoka sasa, na mkononi mwake imeacha alama ya kijani isiyofutika kwa sabuni. Kila alfajiri, nikimaliza za baba, narudi nyumbani naitia ufunguo na hiyo, ndiyo ya mwisho.